Wachana na Uso wa Mjomba: Picha za Uhuru Park Hazihitaji AI

Wasee, wacha niseme hii kitu mapema ndio wenye watakasirika wakasirike mapema: tuache kupeleka picha za zamani za familia zetu kwa AI eti izirembeshe. Hasa zile za Uhuru Park.

Unazijua hizo picha. Familia imepangwa mstari kando ya lile ziwa, nyuma yao KICC imesimama kama mgeni ambaye hakualikwa lakini ametoka poa kuliko wote. Baba amevaa suti nzito na jua linawaka. Mama ameshika kibeti kwa mikono miwili. Watoto wamevutiwa soksi nyeupe hadi magotini. Hakuna anayecheka, na karatasi yote imegeuka nyekundu nyekundu kwa uzee. Sasa mtu anaipiga hiyo picha na simu, anaitupa kwa programu fulani, na kufumba kufumbua familia nzima imepata ngozi laini, meno meupe na macho ya waigizaji wa filamu. Anaposti. Maoni yanajaa: "Woi, mathe wako alikuwa mrembo!"

Mimi nauliza, mathe gani? Kwani huyo kwa picha ni nani?

Tuanze na hapo mahali penyewe, kwa sababu wengi wa rika langu wanajua Uhuru Park kama mahali pa mikutano ya siasa, ama kama ukuta wa mabati ulioanza 2021 ilipofungwa ikarabatiwe. Uhuru Park ilifunguliwa na Mzee Jomo Kenyatta tarehe 23 Mei 1969. Wazazi wetu hawakuwa na Disneyland. Walikuwa na hiyo. Krismasi, Boksing Dei, Jamhuri, watu walitoka Kawangware, Kayole, Kibera, wengine wametoka ushago wiki hiyo hiyo, wakaja kupanda mashua, kubembea, kulamba aiskrimu na kulala kwa nyasi bila kulipa kiingilio. Na mwaka 1989 serikali ilipotaka kujenga ghorofa 60 hapo ndani, Profesa Wangari Maathai alisimama akakataa. Akatukanwa, akachekwa hadi Bungeni, lakini mradi ukafa. Kwa hivyo kila picha ya familia iliyopigwa hapo baada ya 1989 iko na mkono wake ndani. Bila yeye, hapo pa kusimama na watoto pengekuwa na jengo.

Sasa, hiyo picha ilipigwaje? Hii ndio sehemu watu wa simu hawaelewi. Familia nyingi hazikuwa na kamera. Mpiga picha alikuwa anazunguka pale na kamera shingoni na albamu ndogo ya kuonyesha kazi yake. Mnaelewana bei, mnaweka kitu kidogo mbele, anawapanga. Filamu yake iko na picha 24 ama 36, na kila moja ni pesa. Hakuna "piga tena, nilifunga macho". Ukifunga macho, umefunga macho hadi kiama. Halafu lazima amalize ule mkanda wote kabla aupeleke studio kuoshwa, kwa hivyo picha mnaipata baadaye, mkirudi mjini, ama mkimwamini na anwani yenu.

Ndio maana hakuna mtu anacheka. Si ati walikuwa na huzuni. Walikuwa kwa shughuli. Ile picha ilikuwa inaenda ushago kwa bahasha, iwekwe ukutani kwa nyumba ya nyanya, wageni waone kwamba kijana wetu wa Nairobi anaendelea vizuri, ana bibi, watoto wana viatu. Hiyo ilikuwa status ya wakati huo, na haikuwa inaisha baada ya masaa 24. Ukiangalia suti ya mzee na uikumbuke bei ya suti, unaona mtu anatoa ripoti kwa wazazi wake. Ukibadilisha uso wake akawa anatabasamu kama tangazo la dawa ya meno, umeandika ripoti tofauti na ukaweka sahihi yake.

Linganisha na picha za Wamarekani, zile zinasambaa sana mitandaoni, familia iko Disneyland miaka ya sitini, rangi tamu, wote na miwani ya jua. Hata mimi nazipenda. Disneyland ilifunguliwa 17 Julai 1955 kule Anaheim, California, na Kodak walikuwa na duka la kamera hapo ndani. Ilipofika 1963 wakaleta Instamatic, kamera rahisi hata mtoto anaweza kuitia filamu. Kwa hivyo kule familia ilijipiga yenyewe. Lakini angalia vizuri hizo picha: mara nyingi kuna mtu mmoja hayuko. Ni baba, ama ni mama, ndiye ameshika kamera. Unaweza kupitia albamu nzima ya safari moja na usimwone hata mara moja, labda kivuli chake tu chini kwa lami.

Zetu zimekamilika. Kwa sababu tulikuwa maskini wa kamera, tulimlipa mtu wa nje, na kwa hivyo wote waliokuja siku hiyo wako ndani. Hakuna aliyebaki nyuma ya lenzi. Hiyo ni mali ambayo Mmarekani wa 1965 hakuwa nayo, na sisi tunaichukulia ni makaratasi ya kuwekwa kwa mfuko wa plastiki chini ya kitanda.

Ngoja nikuambie kwa nini hii stori inaniuma.

Mjomba wangu, kakake mathe, alifariki mwaka jana. Kulikuwa na picha moja ya utotoni mwake, moja tu, ya Uhuru Park, Disemba 26, 1988. Guka aliandika tarehe nyuma kwa biki. Mjomba alikuwa na miaka kumi na moja, na mdomo wa juu umevimba kama mandazi. Asubuhi hiyo bembea ilikuwa imemrudia usoni. Alilia, akakataa kupigwa picha, na Guka akamwahidi soda mbili, si moja, ndio asimame. Kwa hivyo kwa picha anaonekana mdomo uko juu, machozi yamekauka, na ako na sura ya mtu anayengoja kulipwa. Mathe hapo kando ana miaka minane na anajizuia kumcheka. Kwetu, kwa miaka thelathini na zaidi, mtu akinuna tulimwambia ameweka "mdomo wa Uhuru Park". Mjomba mwenyewe alisema hivyo kwa watoto wake.

Wakati wa matanga, jamaa mmoja wa familia alipewa kazi ya kuandaa kijitabu cha mazishi. Alitaka mambo yawe safi. Akapeleka ile picha kwa cyber, wakaiskani, wakaipitisha kwa AI, na ikatoka mtoto msafi kabisa. Mdomo sawa. Meno yote. Ngozi imeng'arishwa. Anatabasamu. Ikachapishwa ukurasa wa pili, chini ikaandikwa jina lake.

Shosho alipewa kijitabu chake tukiwa chini ya hema. Alikiangalia sana. Akamgusa mathe, akauliza pole pole, "Huyu ni mtoto wa nani?"

Mathe akamwambia ni yeye. Shosho akasema, "Aa-a," akafunga kijitabu na hakukifungua tena. Watu wakasema ni uzee. Si uzee. Shosho ndiye aliyekuwa anaona sawa sawa kuliko sisi wote hapo. Alimzaa, alimpangusa damu mdomoni siku hiyo ya bembea, na akakataa kuzika mtoto wa kompyuta.

Na ile picha ya karatasi? Ilibaki cyber. Tumeulizia mara tatu. Haijapatikana hadi leo.

Sasa twende kwa jinsi hii kitu inafanya kazi. Chuo niliacha mwaka wa pili, karo ilikataa, lakini hii haihitaji digrii. Programu ya kurekebisha nyuso haioni kile kilikuwa kwa picha. Kwa picha ya Uhuru Park, uso wa mtoto ni mdogo kama ukucha, umepigwa kutoka mbali, umefifia. Habari za kope, za meno, za kovu, nyingi hazimo kwa karatasi. Hakuna mahali AI itazitoa. Inachofanya ni kukisia: imeonyeshwa nyuso nyingi sana za watu wengine, inaangalia huo ukungu, halafu inachora uso ambao ungeweza kutoshea hapo. Huo mdomo mpya wa mjomba haukuwa wake uliosafishwa. Ni mdomo uliopikwa kutoka kwa midomo ya watu tusiowajua.

Na hukisia kulingana na nani ilizoea kuona. Mwaka 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha Duke kule Marekani walitoa programu inayoitwa PULSE, ya kuchukua uso wenye ukungu na kutoa uso mkali. Watu wakaipa picha ndogo ya Barack Obama. Mtoto wa mtu wa Kogelo, uso unaojulikana dunia nzima, hata ukiwa na ukungu unamtambua. Programu ikarudisha mzungu. Kama Obama amepotezwa hivyo, wewe unadhani guka wako wa Murang'a ako salama?

Na hii si mara ya kwanza. Hata ile filamu yenyewe haikutengenezewa sisi. Kwa miaka mingi Kodak walikuwa wanatumia maabara za picha kadi yenye sura ya mwanamke mzungu, wafanyakazi wakiziita kadi za Shirley, na rangi ya ngozi ilipimwa kulingana naye. Mtafiti wa Canada, Lorna Roth, aliandika haya mwaka 2009. Malalamiko yaliyosaidia kubadilisha mambo hayakuwa ya watu weusi. Yalikuwa ya wauzaji wa chokoleti na wa fanicha, kwa sababu kahawia zao zilikuwa zinatoka vibaya. Ndio maana kwa picha nyingi za wazee wetu unaona shati nyeupe inang'aa na uso umezama gizani. Na ndio unaona kila mtu amekunja macho: mpiga picha alijua lazima awageuze walikabili jua ama uso usionekane kabisa. Yule jamaa wa Uhuru Park, na kamera yake ya mtumba, alikuwa anapigana na kiwanda cha Marekani ili uso wa mjomba wangu ubaki kwa karatasi. Akashinda kidogo. Sisi tukaja na AI tukaufuta kwa sekunde.

Najua mtasema nini, nimeshaona kwa maoni ya video zangu.

Mtasema, "Lakini ya asili bado iko." Iko wapi? Uliza nyumbani kwenu leo. Ile inazunguka kwa grupu la WhatsApp la familia ndiyo itabaki. Ndiyo binamu atachapisha, ndiyo itawekwa kwa fremu, ndiyo watoto wako wataona. Baada ya miaka ishirini hakuna mtu atakumbuka ilipitishwa wapi. Uongo mzuri huwa unaishi kuliko ukweli uliofifia, kwa sababu ndio watu wanapenda kushea.

Mtasema, "Mathe alifurahi, alilia kabisa." Sikatai. Na sitamnyang'anya mathe wa mtu furaha yake. Lakini mwonyeshe zote mbili, mkae nazo, na umuulize ni gani anamwona mama yake ndani. Usimjibie.

Mtasema, "Wewe mwenyewe ni kontenti krieta, unatumia filta kila siku." Ndiyo, kwa uso wangu. Uso wangu niko hapa kuutetea, na kesho nikitaka nitapiga mwingine. Mjomba hawezi kupigwa tena. Na kuna hii pia: unapotupa uso wa nyanya kwa programu ambayo hujui iko nchi gani na inauweka wapi, ulimuuliza? Kenya ina Sheria ya Kulinda Data tangu 2019. Sote tunaipigia kelele kampuni zikichukua namba zetu, halafu tunagawa nyuso za wazee wetu bure ndio tupate likes.

Wala sisemi picha ziachwe zioze. Kurudisha rangi si kosa. Picha za rangi za miaka hiyo zilitengenezwa na rangi tatu, na kwa karatasi nyingi ile ya buluu-kijani ndiyo ilichoka kwanza hata gizani kwa albamu, ndio sababu kila kitu kimebaki chekundu. Ukipunguza huo wekundu kwa nakala yako, hujabuni kitu. Unapangusa vumbi kwa dirisha. Kosa ni kuvunja dirisha na kuchora watu wapya ukutani.

Kwa hivyo wikendi hii, kabla ya mechi ama kabla ya plani yoyote, fanya hivi.

Toa zile picha chini ya kitanda. Ziweke karibu na dirisha, mahali kuna mwanga lakini jua haliingii moja kwa moja. Zima flashi. Shika simu sambamba na picha, piga kutoka juu, kila picha pande mbili, kwa sababu nyuma ndiko guka aliandika. Kama picha imeshikana na zile albamu za gundi na nailoni, usiivute kwa nguvu. Ipige ikiwa hapo hapo, ama upitishe uzi wa kusafisha meno chini yake taratibu. Ukitumia WhatsApp, itume kama faili ya hati, usiitume kama picha, kwa sababu WhatsApp inaibana na unapoteza hata kile kidogo kilikuwa kimebaki. Na ukipata zile negativu, ule mkanda wa kahawia unaoonyesha watu kinyume, hiyo ni dhahabu. Usitupe.

Halafu kaa chini na mzee, urekodi sauti, umuulize maswali matatu. Hawa ni kina nani, kutoka kushoto hadi kulia? Siku hiyo nini kilifanyika kabla na baada? Na nani alibaki nyumbani? Hilo la tatu usiliruke. Kwa kila picha ya Uhuru Park kuna mtoto ambaye nauli haikutosha, ama msichana wa kazi aliyeachwa na mtoto mchanga, ama shangazi aliyekuwa amekosana na watu wiki hiyo. Hakuna programu duniani inaweza kukuambia hao. Ni shosho pekee, na shosho hana backup.

Majina yaandike nyuma kwa penseli laini, bila kufinya. Biki inapenya na wino unahamia kwa picha nyingine.

Na ukishindwa kabisa, ukaitaka ile ya AI, basi andika juu yake wazi: hii imetengenezwa na kompyuta. Mtu yeyote anayekataa kuandika hayo maneno manne anajua mwenyewe kwa nini anakataa.

Wapiga picha bado wako mjini, siku hizi na kamera za dijitali, wengine wanakuchapishia papo hapo. Siku mtatoka na watu wenu, lipa mmoja awapige wote, hata yule anayependa kushika simu na kujificha nyuma yake. Pigeni moja tu. Atakayenuna anune. Mwenye mdomo umevimba, auweke mbele.

Nitumie kwa maoni: kwa picha yenu ya zamani, ni nani hakuna mtu nyumbani anamjua jina? Usiweke picha yake hapa. Enda kwanza ukaulize.